Nimechaguliwa na vyuo vikuu vitatu kusomea ualimu wa msingi: niende kipi?

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi katika vyuo vikuu vitatu kusomea ualimu wa shule ya msingi. Cha kwanza ni kikubwa, kinajulikana hadi nje ya nchi, na baba anataka niende huko. Cha pili ni kidogo. Zamani kilikuwa chuo cha ualimu kabla ya kupandishwa hadhi. Cha tatu kinafundisha kwa masafa, yaani ningesoma nikiwa nyumbani. Tangu utotoni natamani kufundisha watoto wadogo. Niende wapi?"

Marahaba, binti. Nianze na jibu lenyewe ili usisome ukiwa roho juu: kwa haya uliyonieleza ninaegemea chuo cha pili, kile kilichotokana na chuo cha ualimu. Ila sijakipa ushindi. Yapo mambo ambayo ni wewe tu unayeweza kuyachunguza, na mojawapo likienda kombo, jibu langu litageuka. Kwa hiyo nitakuonyesha pa kutazama na kwa nini pana uzito.

Jambo la kwanza halina mjadala: je, shahada hiyo itakufanya uwe mwalimu anayetambulika kisheria? Vyuo vikuu vingi vina shahada mbili zenye majina yanayokaribiana sana, moja ya kusomea elimu kama taaluma na nyingine ya kuandaa walimu. Uingereza, kwa mfano, mtu anaweza kusoma shahada ya taaluma za elimu, akafaulu vizuri, na bado akamaliza bila hadhi rasmi ya ualimu, wakati mwenzake wa jengo hilohilo aliyechukua shahada ya elimu ya msingi yenye hadhi hiyo ndani yake anahitimu akiwa nayo. Ujerumani, masomo ya chuo kikuu peke yake hayatoshi. Baada yake kuna mafunzo ya kazini chini ya usimamizi, kati ya miezi 12 na 24 kutegemea jimbo, ndipo mtu anakuwa mwalimu kamili. Marekani leseni hutolewa na kila jimbo, na anayehama jimbo hulazimika kuthibitisha kwamba leseni yake inakubalika aendako. Kila nchi ina utaratibu wake, lakini swali ni lilelile. Usilipeleke ofisi ya udahili ya chuo peke yake. Lipeleke kwa mamlaka inayosajili walimu mahali unapotaka kufanya kazi, utaje jina la programu neno kwa neno kama lilivyoandikwa kwenye barua yako, uombe jibu la maandishi.

Ukiwa hapo, uliza pia ngazi. Wengi hujikwaa hapa, na huwa inaniuma, kwa sababu hugundua wakiwa mwaka wa pili au wa tatu. Vitivo vingi vya elimu, hasa katika vyuo vikubwa, vilijengwa kuandaa walimu wa sekondari: unachukua masomo mawili ya kufundishia, kama historia na jiografia, kisha unaongezewa saikolojia ya elimu, falsafa ya elimu na mbinu za kufundisha. Ni mafunzo mazuri kwa kazi ile. Ila mtu anaweza kuyamaliza kwa alama za juu bila kufundishwa hata siku moja jinsi mtoto wa miaka sita anavyojifunza kusoma. Barua yako ikisema tu "shahada ya elimu", hakikisha imeandikwa mahali fulani kwamba ni ya elimu ya msingi na inakuandaa kwa madarasa yapi.

Ualimu wa msingi ni fani yenye maarifa yake, na ninaona watu wengi, pengine na baba yako, hawajapata nafasi ya kuliona hilo. Chukua mtoto wa darasa la pili aliyepewa 52 toa 27, akaandika 35. Mtu asiye mwalimu ataona kosa, atampa jibu sahihi, 25, na kumwambia awe makini. Mwalimu aliyefundwa ataona kwamba mtoto huyu alikuwa makini sana. Upande wa mamoja alikuta 2 juu na 7 chini, na kwa kuwa siku zote ameambiwa namba kubwa haitolewi kwenye namba ndogo, akatoa 2 kwenye 7 akapata 5. Makumi akatoa 2 kwenye 5, akapata 3. Ana kanuni, na kanuni yake ni mbovu. Kumwambia "kopa kumi kwa jirani" kutampa kanuni nyingine asiyoielewa. Anachohitaji ni vijiti: mafungu matano ya kumikumi na vijiti viwili vilivyo huru, umwombe akupe saba, umwache ahangaike mpaka mwenyewe aone kwamba lazima afungue fungu moja. Sasa ana mafungu manne na vijiti 12. Anatoa saba, vinabaki vitano. Anatoa mafungu mawili, yanabaki mawili. Hapo ndipo kukopa kunapata maana.

Kujua hesabu ya 52 toa 27 ni jambo moja. Kujua watoto wanaikosea vipi, kwa nini, na ufanye nini dakika ileile wengine wote wakikusubiri, ni jambo jingine kabisa. Katikati ya miaka ya 1980 Mmarekani Lee Shulman aliyatenga maarifa haya na kuyapa jina: ni maarifa ya kufundishia somo, ambayo hayapatikani kwa kujua somo peke yake wala kwa kujua mbinu za jumla peke yake. Unapolinganisha vyuo vyako vitatu, uliza kipi kitakupa maarifa hayo. Mengine yote yanatoka humo.

Upande wa kusoma ni hivyohivyo. Mtoto anaona neno "kiatu" anasoma "kiti". Ameshika silabi ya mwanzo, katikati akakisia. Kama hukufundishwa kusikiliza makosa ya msomaji mchanga, utamwambia "angalia vizuri" na kupita. Kama ulifundishwa, utajua kwamba silabi anazitambua lakini bado hajazoea kupita neno zima kutoka mwanzo hadi mwisho, na utampa kazi ya siku tatu inayolenga tatizo hilo. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la Marekani lililopitia tafiti za usomaji lilitaja maeneo matano ya kufundisha: kutambua sauti zinazounda neno, kuhusisha sauti na herufi, kusoma kwa ufasaha, msamiati, na ufahamu. Omba muhtasari wa kozi za kila chuo, utafute hayo matano. Ukikuta kozi nzima ya kufundisha kusoma katika madarasa ya awali, pengine na nyingine ya kufundisha hisabati za mwanzo, andika alama nzuri. Ukikuta kozi moja inayoitwa mbinu za kufundisha, ikidaiwa kubeba masomo yote kwa muhula mmoja, hiyo ni dalili mbaya hata kama jengo ni la vioo.

Sasa nije kwenye mazoezi ya kufundisha, na hapa nitakaa, kwa sababu mwalimu hutengenezwa hapa.

Kila chuo kitakuambia kina mazoezi ya kufundisha. Usiridhike na "ndiyo". Uliza yanaanza lini. Programu inayokuweka darasani kwa mara ya kwanza mwaka wa mwisho inakunyima kitu ambacho hakuna mhadhara utakaokifidia: nafasi ya kurudi chuoni ukiwa na maswali. Mwanafunzi aliyewahi kusimama mbele ya watoto 40 wakamshinda nguvu huisikiliza mihadhara ya saikolojia ya mtoto kwa masikio mengine. Bora mazoezi yaanze mapema, mwaka wa kwanza ukiwa mtazamaji na msaidizi tu, halafu yaongezeke hadi ufundishe siku nzima na kubeba darasa kwa wiki kadhaa mfululizo. Uliza pia utapelekwa shule ngapi. Uingereza wanataka mwalimu mwanafunzi afanye mazoezi katika shule zisizopungua mbili, na naona ni busara, kwani aliyezoea shule moja huichukua kuwa ndiyo dunia. Na uulize utashika madarasa gani: hutaki kuhitimu hujawahi kugusa darasa la kwanza.

Kisha uliza nani atakutazama ukifundisha. Nimeona usimamizi wa aina mbili. Katika ule wa kwanza, mtathmini anaingia na fomu, anakaa karibu na mlango, anaweka alama kwenye visanduku: andalio la somo lipo, zana zipo, ubao umegawanywa, sauti inasikika. Kabla kipindi hakijaisha ameshaondoka kuwahi shule nyingine. Mwanafunzi anabaki na alama 68 bila kujua 32 zilipotelea wapi. Katika ule wa pili, msimamizi anakaa katikati ya watoto. Anachagua wawili watatu na kuandika wanachofanya: huyu amenakili mfano wa ubaoni bila kuelewa, huyu amemaliza dakika ya tano na tangu hapo anachora, huyu alinyoosha mkono mara nne asiitwe. Baada ya kipindi wanakaa na mwanafunzi, na swali la kwanza la msimamizi ni, "Unadhani yule wa nyuma dirishani alijifunza nini leo?" Mazungumzo yanayofuata swali hilo yanaweza kuchukua saa nzima, na mwanafunzi hutoka nayo akiwa na jambo moja la kubadilisha kesho asubuhi. Chuo chenye usimamizi wa namna hii kina thamani kuliko chuo chenye maktaba ya ghorofa tano.

Wajapani wamelifanya jambo hili kuwa utamaduni wa kazi: walimu huandaa somo moja pamoja, mmoja akalifundisha, wenzake wakiwatazama watoto, kisha wote wanakaa kulichambua. Ufini nako, ambako mwalimu wa darasa la kwanza hadi la sita husoma mpaka shahada ya uzamili, vyuo vikuu vinavyoandaa walimu vina shule zao za mazoezi, zenye watoto halisi na walimu ambao sehemu ya kazi yao ni kuwalea wanachuo. Wazo la chuo kikuu kuwa na shule yake ni la zamani. John Dewey, mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, alifungua shule ya kujaribia mawazo ya elimu chini ya Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1896. Ninakutajia haya kwa sababu vyuo vingi vilivyotokana na vyuo vya ualimu bado vina shule yao ya mazoezi hatua chache kutoka madarasani. Hii ndiyo sababu kubwa ya mimi kuegemea chuo chako cha pili. Lakini thibitisha. Kuna vyuo ambavyo vilipopandishwa hadhi viliiacha shule ile ijiendee zake, vikakimbilia programu za biashara na kompyuta, na kikabaki kitivo cha elimu kilichosahaulika. Ukifika hapo uliza: shule ya mazoezi bado ipo? Wanachuo huingia mara ngapi kwa wiki?

Jambo jingine dogo lenye faida kubwa ni mafunzo ya ufundishaji mdogo, yaliyobuniwa Chuo Kikuu cha Stanford mapema miaka ya 1960: unafundisha dakika chache, kundi dogo, unarekodiwa, unajitazama, unarudia. Siku hizi simu inatosha kurekodia, hivyo hakuna chuo chenye kisingizio. Muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili kama amewahi kujiona akifundisha.

Kuhusu jina la chuo cha kwanza, baba yako hajakosea kabisa, na ninaomba umsikilize kwa heshima. Jina kubwa husaidia ukitaka kuendelea na uzamili nje, au ukibadili fani siku za mbele. Huenda na wanafunzi wenzako wakawa wepesi, na hilo linavuta juu. Ila mueleze jina hilo limejengwa juu ya nini. Orodha za vyuo bora duniani hupima zaidi utafiti na sifa miongoni mwa wanazuoni. Ile ya Shanghai, iliyoanza kutolewa mwaka 2003, huhesabu hata wahitimu na wahadhiri waliopata tuzo za Nobel. Hakuna anayeziandaa aliyeingia shule ya msingi kumtazama mwanachuo wa chuo kile akifundisha kuhesabu. Chuo kinaweza kuwa hodari kweli katika fizikia na udaktari, na programu yake ya ualimu wa msingi ikaendeshwa na wahadhiri watatu waliochoka, wenye wanafunzi 400. Kinaweza pia kuwa na programu nzuri kuliko zote tatu. Jina halitakuambia. Uliza wahadhiri wa programu hiyo ni akina nani, na wangapi kati yao wamewahi kufundisha shule ya msingi. Si lazima wote, lakini kama hakuna hata mmoja, nani atakufundisha kushika darasa la watoto wadogo saa nane mchana wakiwa wamechoka?

Masafa nayafahamu na sina dharau nayo. Kwa mwalimu ambaye tayari yuko kazini na stashahada yake, anayetaka shahada bila kuacha darasa, ni njia nzuri sana, kwa kuwa anasoma usiku na kujaribu asubuhi. Wewe huna darasa. Utasoma kuhusu watoto ukiwa peke yako, na maswali yako yatajibiwa na skrini. Kama hali ya nyumbani inakulazimisha huko, basi sharti liwe moja: chuo kikuandikie ni nani atakusimamia mazoezi, katika shule ipi karibu nawe, na atakuja mara ngapi. Wakikuambia utatafuta shule mwenyewe na kutuma video mbili, usikubali.

Fedha nitaigusa kwa ufupi, maana kila familia inajua mfuko wake. Ada iliyo kwenye barua siyo gharama yote. Wakati wa mazoezi utalipa nauli kila siku au kupanga chumba karibu na shule, utanunua karatasi na kalamu za rangi za kutengenezea zana, na hutaweza kufanya kibarua kwa sababu jioni utakuwa unaandika maandalio ya masomo na kusahihisha. Uliza chuo kinasaidia nini katika kipindi hicho. Na uliza wanaoanza programu ni wangapi na wanaomaliza ni wangapi. Wakisita kukujibu, umejibiwa.

Angalia pia kama kuna kozi ya elimu jumuishi yenye vitendo. Tangu Azimio la Salamanca la mwaka 1994, nchi nyingi zimekubali kwamba watoto wenye ulemavu wasome katika shule za kawaida pamoja na wenzao. Maana yake ni kwamba katika darasa lako la kwanza kabisa anaweza kuwepo mtoto asiyesikia vizuri, na mwingine ambaye herufi zinamchanganya kwa namna isiyoelezeka kwa uvivu. Mhadhara mmoja kuhusu haki zao hautakusaidia siku hiyo.

Haya yote utayajuaje? Tovuti na vipeperushi vitakuambia wanachotaka usikie. Nenda chuoni siku ya kawaida, isiwe siku ya maonyesho. Tafuta wanafunzi wa mwaka wa tatu wa programu yako hasa, wale waliotoka mazoezini, ukae nao kantini. Mwombe mmoja akuonyeshe andalio la somo lililosahihishwa na mhadhiri. Karatasi hiyo ina habari kuliko maelezo yote ya tovuti. Ukiona alama ya vema na saini tu, umeelewa. Ukiona pembeni kumeandikwa, "Swali hili la pili litawachanganya, jaribu kulianza na vitu halisi," umeelewa pia.

Halafu nenda kwa walimu wakuu wa shule mbili tatu za msingi zinazopokea wanachuo. Hawa ndio mashahidi wangu ninaowaamini kuliko wote. Wanapokea wanafunzi wa vyuo mbalimbali mwaka baada ya mwaka, na wanajua wa chuo kipi hufika wakiwa wameandaliwa na wa chuo kipi hufika wakiuliza daftari la mahudhurio ni nini. Jitambulishe, waeleze unachagua chuo, uwaulize: "Mngekuwa mnaajiri kesho, mngechukua wa wapi?" Watakujibu bila kuzunguka.

Ukishafanya hayo, kaa na baba. Usiende na hoja ya "mimi nataka". Andika karatasi moja, vyuo vitatu juu, na maswali kushuka chini: usajili, ngazi, kozi za kusoma na hisabati, mazoezi yanaanza lini, nani anasimamia, wahadhiri, gharama kamili. Jaza majibu uliyopewa na nani kakupa. Mwombe muisome pamoja. Ikitokea chuo chake cha kwanza kimejibu vizuri kuliko cha pili, nenda huko kwa moyo mweupe, nami nitakuunga mkono.

Mpaka barua ya mamlaka ya usajili ifike mkononi, usilipe ada popote. Kama tarehe ya mwisho ya kuthibitisha nafasi inakaribia, viandikie vyuo vyote vitatu leo uombe kuongezewa muda, na useme sababu yake ni kwamba unasubiri uthibitisho wa usajili. Muhtasari wa kozi ukishaupata, nitumie wa vyote vitatu niupitie.